Mashine Inayoongeza Oili Yenyewe

Eksikaveta ilikuwa imesimama Ruai, kando ya Eastern Bypass, kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikiugusa unakuvua kiatu ukiwa bado unatembea. Injini ilinguruma vizuri tu, lakini ukiipa kazi inalegea kama mtu aliyeamka na homa. Kwenye skrini ya kabini nambari tatu zilikuwa zinamulika. Nilikuwa na skana mpya, kile kifaa cha kusomea nambari za hitilafu, niliyoinunua kwa mkopo wa chama, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nishike spana, nilijiona daktari.

Nambari ya juu kabisa ilikuwa 102. Hiyo ni presha ya hewa ambayo tabo inaisukuma ndani ya injini. Sikusoma zaidi. "Bosi, sensa ya tabo imekufa," nikamwambia mwenye mashine, yaani kile kifaa kidogo kinachoipimia kompyuta presha hiyo, naye akatoa pesa bila kuuliza, kwa sababu malori mawili ya kubeba udongo yalikuwa yamepangwa pale yakilipiwa kwa siku. Nikapanda matatu hadi mjini, nikazunguka maduka ya spea ya Kirinyaga Road, nikarudi na sensa ya shilingi 18,000. Nikaifunga. Nambari zote tatu ziko pale pale. Nikasema basi ni ya pili, 100, presha ya oili. Kesho yake nikaenda mjini tena, 13,000 nyingine. Nambari zikabaki zinanitazama.

Jioni ile nilimpigia simu mzee aliyenifundisha kazi katika gereji moja ya Lunga Lunga Road, enzi zile kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli na kwenda kununua chapati.

"Mzee, nimekwama."

"Umekwama, au umeikwamisha?"

Alifika asubuhi bila skana. Alikuja na mita ya umeme iliyopasuka kioo, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Aliangalia zile nambari, 102, 100 na 94, akauliza swali moja tu: "Hizi tatu zinakula sahani moja?"

Sikumwelewa. Akanieleza huku amechutama kando ya injini. Sensa nyingi za presha zina nyaya tatu. Waya wa kwanza unaipelekea sensa volti 5 kutoka kwa kompyuta ya injini, wa pili ni arthi, njia ya umeme kurudi, wa tatu unarudisha jibu. Presha ikiwa sifuri jibu huwa karibu nusu volti. Presha ikifika mwisho wa kipimo cha sensa ile, jibu hufika kama 4.5. Kompyuta ikiona jibu limeanguka chini kabisa au limepanda juu kabisa nje ya hapo, inajua kwamba hiyo si presha inayosema, ni umeme. Na zile volti 5 mara nyingi sensa kadhaa huzichota pamoja. Mmoja akimwaga sahani, wote wanalala njaa, na kila mmoja analia kivyake.

Akawasha swichi bila kuwasha injini, akapima waya wa volti 5. Volti 1.1. Akachomoa plagi ya sensa ya tabo: bado 1.1. Akachomoa ya oili: bado. Akachomoa ya 94, ile ndogo inayopima presha ya dizeli kabla haijafika kwenye pampu kubwa, na mita ikaruka hadi 5. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeungua ndani na kuivuta volti yote iende arthi. Mimi hiyo sikuigusa kwa sababu ilikuwa ya mwisho kwenye orodha.

"Zile mbili ulizotoa ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Akazirudisha, zikafanya kazi kama zamani. "Hizo mpya ni zako," akasema. Na kweli zikawa zangu. Duka halirudishi pesa kwa kitu cha umeme kilichokwisha kufungwa, na mwenye mashine alikuwa na hesabu zake. Ile ya oili ipo nyumbani mpaka leo, kwenye droo ya vijiko.

Kabla hajaondoka alichana kipande cha boksi la filta akaniandikia kitu ambacho ningekijua kabla ya kununua skana. Nambari hizi, ambazo gerejini tunaziita kodi ingawa mwenye nyumba hazimhusu, huja mbili mbili. Mashine nyingi nzito hufuata utaratibu mmoja uitwao J1939, uliotungwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kwa hivyo 100 ni presha ya oili hata ukibadilisha kampuni, 110 ni moto wa maji ya rediata, 190 ni mzunguko wa injini. Hiyo ya kwanza inakwambia kinachozungumziwa. Ya pili ndiyo inayokwambia kinasemwaje. Ikiwa 3, volti ya jibu imepanda kupita kiasi. Ikiwa 4, imeshuka kupita kiasi. Ikiwa 5, umeme haupiti, pengine waya umekatika. Lakini ikiwa 0 au 1, kompyuta haina ugomvi na sensa hata kidogo. Inaamini ilichoambiwa, ila ilichoambiwa kinatisha: kipimo kiko juu mno, au chini mno. Kule Ruai zote tatu zilikuwa na 4 pembeni. Nilikuwa nimeziona. Nilidhani ni nambari ya ukurasa.

Kwa hivyo nikaokoka. Nikawa mlokole wa waya. Miaka iliyofuata, ukinipigia kwamba sensa ya mashine yako imekufa, nilikuwa nakuja nikiwa tayari nimeamua kwamba sensa haina hatia. Na mara nyingi nilishinda. Mashine ya ujenzi ina maadui wengi wa nyaya: mtikisiko wa siku nzima, fungu la nyaya linalosuguana na chuma mpaka ngozi inatoka, tanboi anayeosha injini kwa maji ya nguvu akilenga plagi, welda anayechomelea ndoo bila kufungua betri. Panya nao. Mkandarasi akisubiri kulipwa, mashine inalala uwanjani miezi sita, na panya wa Nairobi hawabagui, ngozi ya waya kwao ni kama omena. Kisha kuna sisi mafundi wenyewe, tunaotoboa waya kwa sindano ili tupime. Tundu lile hulioni tena, lakini mvua ya Aprili inaliona, na baada ya mwezi shaba ndani imekuwa kijani.

Kazi ninayoipenda kuisimulia ni ya greda moja Kamulu. Ilikuwa inapoteza nguvu, injini inashuka hadi mzunguko wa chini kabisa, kisha inarudi yenyewe. Mafundi wawili walikuwa wamepita kabla yangu, na skana ilionyesha nambari nyingi zisizo na uhusiano, kama watu waliokurupushwa usingizini. Nilikaa na oparata tukanywa chai. Nikamuuliza si nini kimeharibika, bali alikuwa anafanya nini kila inapotokea. Akafikiri. "Hufanya hivyo nikiikunja kushoto."

Greda ile ina kiungo katikati, kabini iko mbele yake, injini nyuma. Kompyuta za mbele na za nyuma huongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, wa manjano na wa kijani, na kila mwisho wa njia hiyo kuna kizuizi cha umeme cha omu 120. Viwili hivyo kwa pamoja, umeme ukigawana njia mbili, betri ikiwa imefunguliwa, mita inasoma 60. Tukaikunja kulia, tukazima, nikapima: 60. Tukaikunja kushoto, tukazima, nikapima: 120. Yaani nilikuwa naona mwisho mmoja tu wa njia; wa pili ulikuwa umekatika mahali fulani katikati. Tulifungua fungu la nyaya pale kwenye kiungo, tukakuta waya wa manjano umevunjika ndani ya ngozi yake, ukikunjwa huku unagusana, ukikunjwa kule unaachana. Spea iliyotumika ilikuwa nusu mita ya waya. Nililipwa vizuri, na jina langu likatembea.

Kwenye machimbo ya mawe ya Njiru ndiko nilikoanza kuhisi kwamba ulokole wangu una kasoro, ingawa sikuufuata mkondo huo mpaka mwisho. Eksikaveta ya kuvunja mawe ilikuwa inalia 110 na 0, maji yamepita moto. Mwenyewe alishikilia ni sensa, kwa sababu rediata "ilioshwa juzi." Sensa ya moto ni rahisi, ina nyaya mbili tu, na ndani yake kuna kitu ambacho kikipata joto ukinzani wake unashuka. Ukichomoa plagi, kompyuta inaona baridi kali, kama hasi 40. Ukiunganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya, inaona moto mkali. Nilifanya hivyo, skana ikaitikia pande zote mbili. Waya mzima, kompyuta nzima. Imebaki sensa.

Nikaitoa, nikaziba tundu kwa bolti, nikairefushia waya hadi kwenye kibanda cha mama wa chai pale getini. Aliniruhusu kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yanatokota, baada ya kumhakikishia kwamba sufuria hiyo nitaiosha mwenyewe mara mbili. Kijana wangu alikuwa kabini anasoma skana. Akapaza sauti: "Tisini na nne!"

Alishuka akikimbia, amefurahi. "Imekufa, fundi. Maji yanachemka nyuzi 100, hiyo ni ya darasa la sita. Hii inapunguza sita."

Niseme ukweli, kwa dakika nzima nilikubaliana naye. Kisha nikakumbuka tulipo. Maji huchemka nyuzi 100 Mombasa, ufukweni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi, na maji kwenye sufuria isiyofunikwa yanachemka karibu na nyuzi 94. Sensa ile ilikuwa inasema kweli mpaka nyuzi ya mwisho. (Ndiyo sababu pia kifuniko cha rediata kisichoshika presha kinatuumiza sisi wa bara kuliko wenzetu wa pwani.) Rediata tukaifungua. Mbele ilikuwa inang'aa, lakini kati yake na kipoza oili nyuma yake kulikuwa na vumbi la mawe limeganda kama plasta. Iliyooshwa juzi ni sura tu.

Tangu siku hiyo mwinuko wa Nairobi ni chombo changu cha kazi, na ni cha bure. Sensa ya tabo inayopima presha yote ya hewa, pamoja na hii inayotuzunguka, swichi ikiwashwa injini ikiwa imezimwa, inapaswa kusoma hewa ya hapa tulipo, kilopaskali 83 hivi. Ikisoma 101 nikiwa Embakasi, ama inaota iko Mombasa, ama kompyuta imeacha kuisikiliza na inajiwekea nambari yake. Sensa nyingine dukani zina plagi ileile na umbo lilelile lakini kipimo chake ni tofauti. Zinaingia vizuri, zinawaka vizuri, na zinadanganya kwa utulivu mkubwa. Ukilinganisha na hewa kabla ya kuwasha injini, zinajitaja.

Hivyo Njiru nilipata sensa mkweli. Ningejifunza hapo. Badala yake nilirudi mjini nikisimulia habari ya maji na sufuria, watu wanacheka, na jina langu linakua.

Mwaka 2021, Expressway ikiwa inajengwa juu ya Mombasa Road na vumbi lake linafika mpaka Mlolongo, nilipigiwa kuhusu shavo ya magurudumu, ile mashine ya kupakia udongo, kwenye saiti moja upande wa huko. Taa nyekundu ya oili inawaka, king'ora kinalia. Nilifika saa nne, nikavuta kijiti cha oili: imejaa, tena imepita alama. Basi oili ipo. Injini haina kelele. Skana ikasema 100.

Niliiona 100 nikacheka. Nikaikumbuka Ruai, nikawaza ile sensa yangu kwenye droo ya vijiko. Nikachomoa plagi, nikakuta kutu ya kijani kidogo kwenye meno, nikaisafisha kwa spirti na mswaki, nikafuta nambari, nikapanga waya upya kwa klipu mpya. Kazi ya saa nzima na zaidi, naifanya kwa raha, oparata amesimama hapo nampa somo. Tulipowasha, taa haikuwaka.

Oparata alikuwa mzee mpole, mtu wa Ukambani. Nikiwa nafunga sanduku akaniambia, "Lakini fundi, hii mashine ina baraka. Haili oili. Tena inaongeza yenyewe. Tangu mwezi uliopita sijatia hata kikombe, na kila asubuhi nikipima naona imepanda."

"Ungekuwa unga, mzee, ungefungua duka," nikamwambia. Tukacheka wote wawili. Nikachukua pesa yangu nikaenda.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, ilinoki. Nilisikia kwa simu kabla hawajaniambia: ile sauti ya nyundo inayopiga sufuria iliyo tupu, na mtu nyuma anapiga kelele zima, zima. Tulipomwaga oili ilitoka kama chai ya rangi. Ukiinusa ni dizeli. Injekta moja, ile inayonyunyizia injini dizeli, ilikuwa inavuja na dizeli inaingia kwenye oili kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, ndiyo ile baraka. Oili nyepesi namna hiyo, injini ikiwa baridi bado inajikakamua kutoa presha. Ikipata moto inateleza na kuacha beringi zikisagana. Mimi nilikuwa nimeipa muda wa kupoa nikisafisha plagi. Krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini, ilienda Industrial Area kusagwa, beringi zote zikabadilishwa, mashine ikakaa chini wiki tatu. Kazi ya kuifungua na kuifunga niliifanya bila malipo, na mwenyewe hakunitukana. Alikuja kila jioni, akasimama, akatazama vyuma vilivyopangwa juu ya turubai, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Nilimpigia mzee wangu, nikamweleza yote, kutu, klipu, mpaka ile ya kufungua duka la unga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nambari ya pili ilikuwa ngapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nayo kwenye skana, imehifadhiwa na saa yake.

"Moja, mzee."

Naye akanyamaza. Kisha akaniuliza kama watoto wameshafungua shule.

Ule waya haukuwa na makosa yoyote. Kutu kidogo kwenye meno utaikuta kwenye plagi yoyote ya mashine ya miaka kumi, na mimi niliikuta kwa sababu niliitafuta. Zamani nilikuwa nahukumu sensa bila kuisikiliza; baadaye nikawa nahukumu waya bila kuisikiliza sensa. Ni uvivu uleule, umebadilisha shati tu. Pale palihitajika geji ya presha ya mkono, ile ya kizamani yenye mshale na mpira mrefu, unafungua sensa unaifunga mahali pake, unawasha injini mpaka ipate moto, unatazama mshale. Dakika ishirini. Nilikuwa nayo gerejini, imeshikwa na buibui.

Sasa inakaa kwenye gari, chini ya kiti cha dereva, na kijana wangu anajua kwamba akinitajia nambari moja bila ya pili sitamjibu. Kijiti cha oili nakinusa kabla ya kukisoma, na tone moja nalisugua kati ya vidole. Watu wa saiti wananiona kama mganga. Skana huwa ya mwisho kutoka kwenye sanduku, na kabla yake huwa nimekaa na oparata kwa muda ambao mwenye mashine anauona wa kupoteza. Kuna bosi mmoja aliniuliza nalipwa kwa kupiga gumzo au kwa kutengeneza. Nikamwambia amjumlishie na oparata chai.

Novemba iliyopita, mvua zikiwa zimeanza, oparata mmoja wa Kitengela alinipigia saa mbili asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye habari njema.

"Fundi, kuna maajabu huku. Nimepima oili, imepanda."

"Zima."

"Lakini haina shida yoyote, hata taa haijawaka, nilikuwa tu nakwambia—"

"Zima kwanza, halafu tuongee."

Nikasikia injini ikinyamaza ndani ya simu. Nilivuta geji kutoka chini ya kiti kuhakikisha mpira wake uko sawa, nikatoka. Mombasa Road ilikuwa imefungana kuanzia Bellevue, na foleni ya siku ile haikuniuma.